Nani Anaupima Uwezo wa Mzazi?

Kila mwaka, majibu ya udahili wa vyuo vya Marekani yanapotoka kati ya Desemba na Aprili, magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam hupata habari ya aina moja. Kijana wa shule fulani, mtoto wa mkulima au wa mwalimu, ameshinda skolashipu ya mamilioni kwenda Harvard, Yale au Princeton. Picha huwa nzuri, wazazi wamevaa nguo za sikukuu, na fedha huandikwa kwa shilingi ili tarakimu ziwe nyingi. Yote ni kweli isipokuwa jambo moja: hakuna skolashipu aliyoishinda. Vyuo hivyo vitatu, pamoja na vitano vingine vya kundi la Ivy League, havimpi mtu fedha kwa sababu ya alama zake, wala kwa sababu anajua kukimbia au kucheza mpira. Kilichogombewa ni nafasi ya masomo. Fedha zilikuja kwa njia nyingine, baada ya ofisi kupekua mapato na mali za wazazi na kuamua kwamba hawamudu kulipa. Mwanafunzi mwenye alama zile zile ambaye baba yake anamiliki malori arobaini yanayokwenda Lubumbashi angekaa darasa lile lile bila kupewa hata senti moja.

Mzazi asiyeijua tofauti hiyo huhangaika pasipo na kitu. Huitafuta mtandaoni skolashipu ya Harvard, akakutana na wakala mwenye suti na ofisi ghorofa ya tatu, akalipa. Anayeijua huuliza swali lenye faida zaidi: huo uwezo wangu unapimwa na nani, kwa vigezo gani, na ni mambo gani ya maisha yangu ambayo vigezo hivyo havitayaona?

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowafukuza watu kabla hawajauliza lolote. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, ada ya shahada ya kwanza Harvard ni dola 59,320. Ukijumlisha chumba, chakula na tozo nyingine inafika dola 86,926, yaani zaidi ya shilingi milioni 217 za Tanzania tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500. Huo ni mwaka mmoja kati ya minne. Hata hivyo zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hapo hupata msaada wa chuo, na karibu robo yao wazazi hawalipi chochote. Ni kama kadi za mchango wa harusi: sherehe ni moja, chakula ni kile kile, lakini kamati humwandikia mjomba wa forodhani kiasi kimoja na mpwa anayetafuta kazi kiasi kingine, wala hakuna anayeona ajabu. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi inawajua watu wake. Chuo hakikujui, kwa hiyo kinataka karatasi.

Sasa kwa nini wasipunguze bei kwa wote? Kwa sababu kuna wanaoweza kuilipa, nao wako tayari. Karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya namna hii wanatoka katika familia zinazotoa bei kamili, na kuipunguza kwa wote kungekuwa zawadi kwa hao. Sehemu kubwa ya pengo linalobaki huzibwa na mfuko wa wakfu. Wa Harvard ulikuwa na dola bilioni 53.2 mwaka 2024, fedha zilizotolewa na wafadhili kwa vizazi kadhaa na kuwekezwa, nyingi zikiwa zimefungwa na masharti ya aliyezitoa. Chuo hakili mtaji. Kinatumia kipande kidogo kila mwaka, na msaada wa wanafunzi ni sehemu ya kipande hicho. Ndiyo maana chuo chenye wakfu mnene huweza kuahidi mambo ambayo chuo kizuri sana chenye wakfu mwembamba hakithubutu kuyatamka.

Kupima uwezo wa mzazi kwa fomula si jambo la kale. Katikati ya karne iliyopita vyuo vya Marekani viligombea vijana wenye akili kwa kupandishiana dau, na kijana wa familia yenye nacho aliweza kuondoka na zawadi nono huku fukara akikosa. John Monro, aliyesimamia misaada ya fedha Harvard, alitengeneza njia ya kukadiria ni kiasi gani familia inaweza kuchangia ili fedha ziende kwa mhitaji. Mwaka 1954 College Board, taasisi ya mitihani na udahili ya huko, ilianzisha huduma ya kukusanya taarifa hizo kwa niaba ya vyuo vingi kwa pamoja, na fomu inayotumika leo ni mjukuu wake. Monro mwenyewe aliacha cheo chake Harvard mwaka 1967 akaenda kufundisha Miles College, chuo kidogo cha Wamarekani weusi karibu na mji wa Birmingham, Alabama. Sijui wangapi wangefanya hivyo leo.

Fomula yenyewe ni kutoa tu. Chukua gharama yote ya mwaka, toa kiasi ambacho familia inaweza kuchangia, kinachobaki kinaitwa mahitaji. Gharama ni pamoja na vitabu, matumizi madogo, na katika vyuo vingi vikubwa hata nauli ya ndege. Hapa msomaji asisinzie, kwa sababu ubishi wote umejificha katika kile kinachotolewa. Mchango wa familia haumaanishi fedha mlizonazo mfukoni, wala kiasi mnachojisikia kuweza. Ni tarakimu iliyotoka ofisini. Chuo kinaposema kitakidhi mahitaji yako yote, kimesema kitakulipia tofauti kati ya bei yake na makadirio yake. Vyuo viwili vinaweza kutamka ahadi hiyo kwa maneno yale yale, kisha kimoja kikaitaka familia ileile itoe dola 3,000 na kingine dola 11,000, na hakuna aliyesema uongo.

Kuhusu viwango, hali imekuwa ikilegea. Princeton ndiyo iliyoanza, mwaka 2001, kuondoa mikopo katika msaada wake na kuweka ruzuku isiyorudishwa. Harvard ilifuata mwaka 2004 kwa kusema familia yenye kipato cha chini ya dola 40,000 kwa mwaka haitatakiwa kuchangia. Kiwango hicho kimepanda mara kadhaa, na kuanzia 2025/26 kimefika dola 100,000, huku familia za hadi dola 200,000 zikisamehewa ada. MIT ilitangaza viwango hivyo hivyo Novemba 2024. Dola 100,000 ni kama shilingi milioni 250 kwa mwaka, kwa hiyo msomaji wa Morogoro au Machakos aweza kudhani mjadala umekwisha na kila mtu huku kwetu anasoma bure. Kila tangazo la namna hiyo lina kifungu chake: familia iwe na mali za kawaida kwa mtu wa kipato hicho. Kifungu hicho nitakirudia, maana ndicho kinachowagusa watu wetu wenye viwanja.

Lakini kabla ya mali kuna mlango. Mwombaji kutoka nje ya Marekani anatakiwa ajue mambo mawili kuhusu kila chuo anachokifikiria, nayo hayafanani hata kidogo ingawa watu huyachanganya kila siku. La kwanza: je, chuo kinatazama mfuko wa mwombaji kinapoamua kumdahili au kumkataa? La pili: kikishamdahili, kinakidhi mahitaji yake yote au kinampa sehemu tu?

Kwa Wamarekani wenyewe, vyuo vingi maarufu havitazami mfuko. Kwa wageni, visivyotazama mfuko na vinavyokidhi mahitaji yote ni vichache mno. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo kwa muda mrefu. Dartmouth na Bowdoin vilijiunga mwaka 2022, Brown ikafuata kwa wanafunzi walioingia 2025, na Notre Dame ilitangaza hatua hiyo mwaka 2024. Huko kwingine, Stanford na Columbia zikiwemo, mgeni anayeomba msaada hushindania fungu dogo, na hitaji lake la fedha linaweza kuwa sababu ya kukataliwa hata kama ana uwezo wa darasani. Vyuo hivyo havifichi. Vimeandika wazi katika maelezo yao ya udahili, ila maelezo yenyewe huwa chini, baada ya picha za majani ya vuli.

Watu wengi hufikiri kwamba kisichotazama mfuko ndicho kizuri na kinachotazama ni kibaya. Mimi sikubali moja kwa moja. Chuo kinachotazama mfuko, lakini kikikuchukua kinakulipia kila kitu, kimekuwa mkweli: kina viti vichache vya kulipiwa, na ukipata kimoja utamaliza. Kibaya zaidi ni kile kinachokudahili kwa shangwe, kinakupa ruzuku ya dola 20,000, kisha kinaiachia familia izibe dola 50,000 zilizobaki. Barua ya udahili ya namna hiyo imewafanya wazazi wauze ng'ombe na kukopa SACCOS kwa ajili ya mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa pili ukawakuta hawana cha kuuza.

Kuna mtego mwingine. Familia hujishauri: tusiombe msaada sasa, mtoto asije akakataliwa, akishaingia tutaomba. Kwa mgeni, vyuo vingi hufunga mlango huo kabisa, na asiyeomba msaada wakati wa udahili haruhusiwi kuuomba baadaye, pengine kwa miaka yote minne. Chuo kimepanga bajeti yake kikimhesabu kama mlipaji kamili. Zaidi ya hapo, hatapata fomu ya I-20 inayomwezesha kuomba viza ya mwanafunzi mpaka aonyeshe fedha za kutosha mwaka wa kwanza. Hesabu ya kuingia kwanza na kuomba baadaye huvunjikia hapo.

Sasa karatasi. Mmarekani hujaza FAFSA, fomu ya serikali yake, ambayo haimhusu mgeni. Mgeni hujaza CSS Profile ya College Board, au fomu ya chuo chenyewe. Ni fomu ndefu, imetungwa na watu wanaodhani kila mwananchi ana mwajiri mmoja, hati ya kodi ya mwaka na nyumba yenye mkopo wa benki. Chukua mfano wa kubuni: baba anafundisha sekondari ya serikali Korogwe, mama ana genge na msimu wa machungwa anapeleka mzigo Dar es Salaam. Mshahara wa baba una hati. Wa mama hauna, na mapato yake hupanda na kushuka kama bei ya tenga. Shamba ni la ukoo. Nyumba ilijengwa miaka kumi na tatu, chumba kwa chumba, na haijawahi kuthaminiwa na mtu yeyote. Nyumbani wamo bibi mzaa baba na watoto wawili wa shangazi aliyefariki.

Fomu haiwezi kuyabeba yote hayo katika visanduku vyake, lakini ina sehemu ya maelezo ya ziada mwishoni, na hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwa familia ya Afrika Mashariki. Maafisa wa misaada huisoma. Mapato ya genge huandikwa kwa makadirio ya miezi mizuri na mibaya, kisha hufafanuliwa yalivyopatikana. Asiye na hati ya TRA au KRA hueleza kwa nini hana, na hupata barua ya mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kijiji au chifu. Watoto wa shangazi huweza kuhesabiwa kama wanafamilia iwapo wazazi ndio wanaobeba zaidi ya nusu ya matunzo yao, lakini lazima waandikwe, asiyeandikwa hayupo. Fedha inayotumwa kila mwezi kwa babu kijijini haina kisanduku chake, kwa hiyo huingia katika maelezo hayo hayo, kwa kiasi na kwa ushahidi, hata kama ni taarifa ya miamala ya simu.

Kosa la kawaida hapa si uongo wa kujipunguzia. Ni aibu. Wazazi wetu hawapendi kumwandikia mtu wa mbali kwamba mwaka ule mvua ilikataa wakala mihogo miezi minne. Basi baba anazungusha tarakimu juu kidogo, anaandika shilingi milioni 30 badala ya 19, ili mtoto asionekane ametoka kwenye dhiki. Heshima imelindwa, na chuo kimeamini. Kwingineko baba hakai nyumbani: alikwenda Oman miaka tisa iliyopita, akaoa huko, akanyamaza. Vyuo vingi vinataka taarifa za wazazi wote wawili hata kama wametengana, na mama anayebaki hudhani maombi yamekufa. Hayajafa. Kuna ombi la kusamehewa taarifa za mzazi aliyetoweka, nalo huungwa mkono na barua ya mtu wa nje anayeijua familia: mwalimu mkuu, shehe, padri, ofisa ustawi wa jamii.

Fomu ya CSS ina ada yake, dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila kinachofuata. Vyuo vingi vina namba za msamaha kwa waombaji wa nje, ila huwapa wanaoomba. Barua pepe moja ya heshima yenye mistari mitano hutosha. Balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zina washauri wa EducationUSA, na ushauri wao haulipiwi. Kenya ina pia KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Waliona kwamba Bonde la Ufa lilikuwa likipeleka wakimbiaji vyuo vya Marekani miaka nenda rudi, huku vijana wake wenye alama za juu kabisa hawajulikani huko. Wakaanza kuwaandaa kwa mitihani na kwa hizi fomu. Ninavyoona mimi, nusu ya kazi ya mpango kama huo ni kumwambia kijana ukweli kuhusu tarakimu za nyumbani kwake kabla hajaziandika.

Twende kwenye mali, kama nilivyoahidi. Familia ya mfano wa Korogwe haina shida hapo. Kipato chake hakifiki dola 10,000 na chuo kinachokidhi mahitaji yote hakitawadai wazazi kitu. Anayeumia ni mtu wa kati. Mhandisi na muuguzi wa Nairobi, wakipata pamoja kama dola 45,000 kwa mwaka, wamejenga vyumba vya kupangisha Kitengela, wana kiwanja Juja na kingine ushago. Kwa Kenya ni watu waliojikaza. Kwa kipato peke yake wako chini sana ya dola 100,000. Ila vyumba vya Kitengela ni mali inayozaa, na viwanja ni mali, na ofisa wa chuo anaviona kama akiba. Harvard haihesabu thamani ya nyumba mnayoishi wala akiba ya uzeeni, lakini nyumba ya kupangisha haimo katika msamaha huo. Vyuo vingine huhesabu hata nyumba mnayoishi. Mtu wetu hukasirika: kiwanja si fedha, ndiyo NSSF yangu ya kweli, ndiyo matibabu ya mama yangu. Ana hoja. Mahali ambapo mtumishi huweka akiba ya uzee kwa kununua ardhi, kuisamehe akaunti ya uzeeni na kuihesabu ardhi ni kumwadhibu kwa kutokuwa Mmarekani. Hoja hiyo ikiandikwa kwa utulivu, ikaambatanishwa na pensheni yake ndogo, baadhi ya ofisi huipokea. Haimo katika fomula, imo katika busara ya ofisa, na ni vizuri kujua kwamba busara hiyo ipo.

Sisi wenyewe hatujalitatua tatizo hili vizuri zaidi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania hutazama uyatima, ulemavu, na kama kaya iko katika mpango wa TASAF, kisha humpangia mwombaji kiasi chake, na kila msimu malalamiko ni yale yale: wa jirani mwenye gari amepata, wa mama ntilie amekosa. Kenya ilianzisha mwaka 2023 mfumo mpya uliowagawa wanafunzi katika makundi ya uhitaji kwa chombo cha kupima uwezo, na wanafunzi waliojikuta kundi lisilo lao wakajaa mitandaoni na barabarani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba. Serikali ikakata rufaa. Ugumu ni ule ule wa kila mahali ambapo kipato cha watu hakiko kwenye karatasi: vigezo vinavyopimika havisemi yote, na vinavyosema yote havipimiki.

Wamarekani nao hawajaridhika na kipimo chao. Kwa miaka mingi vyuo vya Ivy League na MIT vilikutana kila masika na kulinganisha makadirio ya wanafunzi waliodahiliwa zaidi ya mahali pamoja, ili asitokee wa kupandisha dau. Mwaka 1991 Wizara ya Sheria iliviita vikao hivyo njama ya kupanga bei na kuvishtaki. Vyuo vinane vilikubali kuacha; MIT ilikwenda mahakamani ikitetea kwamba bila makubaliano fedha zingerudi kwa wasiozihitaji. Mwaka 1994 Bunge la Congress liliruhusu ushirikiano wa kiasi, kwa sharti kwamba vyuo husika visitazame mfuko wa mwombaji. Ruhusa hiyo iliisha Septemba 2022. Miezi michache kabla, wanafunzi wa zamani walikuwa wameshtaki vyuo kumi na saba wakidai kwamba sharti lilivunjwa siku nyingi, kwa sababu vyuo vingine vilitazama mifuko kwa namna nyingine: viliwapendelea watoto wa wafadhili matajiri. Kufikia 2024 vyuo kumi, Yale, Brown na Columbia vikiwemo, vilikubali kulipa jumla ya dola milioni 284 bila kukiri kosa.

Madai hayo yanagusa kitu ambacho msaada wa fedha peke yake hauwezi kukiponya. Raj Chetty na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti uliotumia kumbukumbu za kodi za mamilioni ya Wamarekani. Katika vyuo 38, watoto wa asilimia moja ya juu kwa kipato walikuwa wengi kuliko watoto wote wa asilimia 60 ya chini. Baadhi ya vyuo hivyo tayari vilikuwa na ahadi nono za msaada. Kumbe bei ya sifuri haimfikishi mtu mlangoni. Kabla ya hapo kuna shule nzuri, mkufunzi wa mtihani, mshauri wa insha, na baba aliyesoma chuo kile kile. Kwa mtoto wa Korogwe vizingiti ni zaidi: Harvard imekuwa ikidahili chini ya watu watano kati ya kila mia wanaoomba, duniani kote, na tangu Juni 2025 amri za rais wa Marekani zimekuwa zikibana viza za raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo. Mwanafunzi wa Bujumbura anaweza kudahiliwa na kulipiwa kila kitu, kisha akasimamishwa na ubalozi.

Tuseme mtoto wa Korogwe amefika. Barua ya msaada aliyopewa ina mafungu, na si yote ni ruzuku. Karibu kila chuo humtaka mwanafunzi mwenyewe achangie kwa kufanya kazi chuoni, maktaba au jikoni, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo kama viza ya F-1 inavyoruhusu. Fungu hilo halikatwi kwenye bili kabla. Yeye hulipwa mshahara, naye anatakiwa ajue kwamba chuo kilishauhesabu. Wengi hujua baada ya kuwa wameutuma nyumbani.

La kushangaza zaidi ni kodi. Sheria ya Marekani huisamehe ruzuku inayolipia ada na vitabu, lakini ile inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato. Mwanafunzi wa kigeni hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo, labda nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani. Kenya na Tanzania hazina. Kama chumba na chakula vyake vimegharimiwa kwa dola 20,000, atakatwa dola 2,800 za fedha ambazo hakuzishika mkononi. Baadhi yake huweza kurudi akijaza hati za kodi ipasavyo, na baadhi ya vyuo humsaidia kubeba mzigo huo, ila ni jambo la kuuliza kabla ya kupanda ndege.

Kisha hesabu yote hurudiwa kila mwaka. Baba akistaafu au mama akiugua, mchango wa familia unatakiwa kushuka, na chuo kinachojiheshimu huushusha kikipewa ushahidi. Lakini hesabu hupanda pia. Tuseme mwaka wa pili yule mwalimu anauza kipande cha ardhi ili aezeke nyumba. Katika fomu mpya fedha hizo zitaonekana kama mapato ya shilingi milioni 15 yaliyoibuka ghafla, na mfumo utauliza kwa nini zisilipie ada. Jibu liandikwe mapema, wakati fomu inatumwa, bila kusubiri barua ya makato: ardhi imeuzwa mara moja, haitauzwa tena, fedha zimekwisha kwenye paa. Wazazi waambatanishe hati ya mauzo yenye mhuri wa serikali ya kijiji na risiti za mabati, mbao na misumari, na tafsiri ya Kiingereza ya kila karatasi.